Tupeane uzoefu: hema kwenye ardhi iliyoganda, mlilifungaje?

Mbeba Blanketi: Wadau, salaam. Niko Minnesota mwaka wa sita sasa. Januari nilikubali kwenda kulala porini na wenzangu wa kazini, nikijiona baridi nimeshaimaliza. Nikatoa pegi za alumini, vile vigingi vya kufungia kamba vilivyokuja na hema, nikagonga. Ya kwanza ikapinda kama kijiko cha plastiki, ya pili vilevile, ya tatu ikaruka ikapotelea kwenye theluji. Mwishowe kamba moja nikaifunga kwenye mti, moja kwenye gari, ya tatu kwenye begi langu. Saa nane usiku upepo ukaja, begi likaanza kutembea! Yaliyowakuta ninyi ni yapi?

Mzee wa Machame: Pole mkuu. Mimi nimebeba mizigo Kilimanjaro miaka tisa. Kambi ya Barafu iko mita 4,673, juu ya kigongo cha mawe, na upepo wa pale hauna adabu. Pegi ni pambo tu. Mgeni akifunga mwenyewe huzungushia kamba jiwe kubwa moja, basi. Sasa yale mawe ya volkeno yana meno. Kamba ikisuguliwa usiku kucha, alfajiri imebaki nyuzi mbili. Sisi tunaifunga kwenye jiwe dogo refu, saizi ya boflo, tunalilaza chini, halafu jiwe kubwa linawekwa juu ya kamba, mbele ya lile dogo, upande wa hema. Hema likivuta, dogo linagota kwenye kubwa. Siku moja nilimwachia kijana mgeni wa kazi hema la mesi, lile la kulia chakula. Saa tano usiku tunaamka kuwapikia uji wageni wa kileleni, hema limelala ubavu na viti viko nje. Huyo kijana sasa ni mwongoza wageni mzuri tu, lakini mawe bado anayakagua mara mbili.

Mtoto wa Tandika: Baridi mimi naijua ya friji. Ila turubai la harusi tunalifunga kwa nondo na nyundo ya kuvunjia mawe, na halijawahi kuruka.

Naro Moru Moja: Usicheke, nondo ina maana yake, nitarudi hapo. Huku Mlima Kenya shida yetu ni ya kugeuka. Kambi ya Mackinder, kama mita 4,200, mchana udongo ni tope, pegi unaizamisha kwa kiganja. Usiku maji yaliyo ndani ya udongo yanaganda, yanakuwa sindano za barafu zilizosimama wima. Zinainua udongo, na pegi yako inapanda nao. Jua likitoka zinayeyuka, pegi inabaki inacheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Nilidhani kuna mtu ananichezea, mpaka nilipochutama na tochi nikaziona. Sasa kila pegi naiwekea jiwe kichwani. Mtu wa Minnesota, wewe tafuta misumari ya chuma ya inchi nane au kumi. Ndiyo nondo yako hiyo.

Binti wa Tromsø: Mimi ardhi sikuiona kabisa, theluji ilinifika kiunoni. Safari ya chuo huku Norwe, mwezi wa tatu. Mwalimu akatuambia tujaze theluji kwenye mifuko, tuchimbe mtaro wa kina cha goti, tuzungushie kamba mfuko, tuuzike ukiwa umekingama, tukanyage, halafu tusubiri nusu saa. Mimi na haraka zangu, dakika tano nikavuta. Mfuko ukatoka na nikakaa chini mbele ya darasa zima. Nikazika tena, nikanywa chai, nikarudi: tulivuta watu wawili, haukutikisika. Theluji iliyokanyagwa ikiachwa hushikana yenyewe. Na usifunge fundo kule chini. Pitisha kamba nyuma ya mfuko, ncha zote mbili zirudi kwenye hema. Asubuhi unafungua moja unavuta nyingine, kamba inatoka, mfuko unauchimbua baadaye.

Mbeba Blanketi: Dada, hiyo ya ncha mbili nimeiandika. Na misumari inatokaje asubuhi?

Mzee wa Machame: Usivute kwenda juu, utang'oa bega. Igonge ubavuni huku na huku, ikishalegea izungushe. Maji ya moto tulijaribu mara moja, tena ilikuwa chai ya wageni. Dakika chache baadaye nayo ikaganda, tukakosa pegi na chai.

Jirani wa Alberta: Kabla ya kugonga, fukua theluji mahali ilipokuwa nene. Ni blanketi, chini yake ardhi mara nyingi haijaganda sana kama pale palipo wazi. Mimi niliwahi kupiga hema palipofagiliwa na upepo kwa sababu palionekana pasafi. Nilijuta.

Mbeba Blanketi: Nimenunua misumari kumi ya inchi kumi na nyundo ya kilo moja na nusu. Muuzaji kaniuliza najenga nini. Ijumaa tunarudi, na safari hii begi linalala ndani.