Sensa za MIDI kwenye piano ya mbao: mchana noti zinajipiga zenyewe, msaada wakuu

Mleta uzi (Iringa): Wakuu, heshima kwenu. Nataka piano ya kusimama itume noti kwa MIDI (lugha ya vyombo vya muziki na kompyuta). Nimefunga chini ya vibonye sensa za QRE1113 (kila moja ina taa ya infraredi, mwanga usioonekana, na kipokezi cha mwanga unaorudi), multipleksa sita za 74HC4067 (swichi za kuchagua sensa ya kusomwa) na Teensy 4.1 (kompyuta ndogo ya kuzisoma). Usiku shwari, mchana noti zinajipiga. Jumapili natakiwa kurekodi.

Fundi_Mwanjelwa: Hilo ni jua, mkuu. Sensa inaona infraredi, na jua limejaa infraredi. Soma kila sensa mara mbili, taa yake ikiwa imezimwa kisha imewashwa, utoe ya kwanza kwenye ya pili. Umeme unatoa wapi? Taa 88 kwa miliampia 20 ni karibu ampia 1.8, wakati USB ya kawaida inatoa nusu ampia. Washa nane nane. Na usipeleke volti 5 kwenye pini za Teensy, mwisho wake ni 3.3.

Kihesa_Juu: Uza, ununue kinanda cha umeme. Nyanda za juu mbao inavimba mvua za Novemba hadi Aprili, kiangazi inasinyaa. Vipimo vya Januari havitafaa Julai.

Mleta uzi: Kuuza siwezi.

Fundi_Mwanjelwa: Kwani ya nani?

Mleta uzi: Ya usharika. Mwenyekiti wa kwaya anajua naitengeneza, ya sensa sijamwambia. Ila sijaharibu kitu, ni matundu manne tu ya skrubu kwenye ubao wa chini, mbele kabisa, pale kibonye kinaposhuka sana.

Mama_Njombe: Mwanangu, mali ya usharika haitobolewi bila kikao. Mwambie kabla ya Jumapili.

Fundi_Mwanjelwa: Na hapo mbele ndipo tatizo lilipo. Kibonye kinashuka kama mm 10, kwa hiyo kikiwa juu mwanga unaorudi ni hafifu mno na jua linaushinda. Rudisha utepe wa sensa nyuma, katikati ya pini ya mbele na pini ya mhimili. Hapo mwendo ni kama mm 5. Kikibonyezwa hadi mwisho, ibaki mm 1, kisigonge sensa.

Tukuyu_Sauti: Hii chai. Idadi ya vibonye hajaitaja hata mara moja. Aliyefungua piano kweli atujibu: namba 40 ni noti gani, na chini yake kuna nini?

Mleta uzi: Viko 85, ni ya zamani, inaishia A. Namba 40 ni C ya katikati. Chini kuna tundu refu lenye kitambaa chekundu pande mbili. Upande mmoja umeliwa na nondo, pini inacheza.

Tukuyu_Sauti: Nimekubali, samahani mkuu. Badilisha kitambaa hicho kwanza, kibonye kikiyumba kila pigo linasomeka tofauti. Noti za MIDI zianzie 21, ziishie 105. Pima kila kibonye kikiwa juu na kikiwa chini, uhifadhi namba zake peke yake. Nguvu ya pigo ni muda kati ya vituo viwili njiani: muda mfupi, pigo kali.

Mleta uzi: Matundu je?

Fundi_Mwanjelwa: Chonga kijiti cha mti mgumu kiingie kwa kubana, gundi ya mbao, kilale usiku kucha. Utepe mpya ushike kwa gundi ya karatasi ya pande mbili, usitoboe tena. Mwenyekiti umeshampigia?

Mleta uzi: Jioni hii, baada ya mazoezi.