MREJESHO: Masomo ya mtandaoni kwenye shule isiyo na intaneti

Wakuu habari za jioni, mimi ndo yule ticha wa fizikia hapa Moshi niliyeuliza nitatumiaje masomo ya mtandaoni na kidato cha pili wakati shule haina intaneti na bando natoa mfukoni. Wengi mlinitajia Kolibri, ile programu ya kusomea masomo bila intaneti.

Imekubali! Nilienda kwa shemeji Arusha mwenye wifi ya uhakika, nikashusha Kolibri yenyewe na video za Khan Academy na zile simulesheni za PhET (majaribio ya sayansi ya kufanyia kwenye skrini) za Chuo Kikuu cha Colorado, basi baada ya hapo bando halihusiki tena, laptop yangu ndo inakuwa seva na tableti za shule zinaingia kwa ruta ya kawaida hata haina laini.

Video watoto hawakuzipenda kivile, lafudhi ya Kimarekani inawapita, nasimamisha kila saa naeleza kwa Kiswahili. Ila PhET aisee! Wanaunga betri na balbu wenyewe, mfuatano, sambamba, wanaona mkondo unavyogawanyika, wanabishana kama wapo kijiweni. Maabara yetu haina hata amita ya kueleweka kwahiyo hii ni kubwa kwangu. Na kule upande wa mwalimu kwenye Kolibri natunga kajaribio naona nani kakwama wapi, sisahihishi madaftari usiku.

Kilichobaki ni umeme, ukikatika ruta inazima na kipindi kimekufa. Mwenye kujua pawabanki inayowasha ruta kwa bei ya mwalimu aniambie inapatikana duka gani hapa mjini.