Timu inaburuza mkia, kocha mpya apatikane vipi?

Mdau wa Temeke: Wakuu, tupo nafasi ya 14 Ligi Kuu, kocha mgeni tumemtimua, zimebaki mechi 11. Viongozi wanataka mgeni mwingine. Kamati ya ufundi ianzie wapi?

Benchi la Ufundi: Mkuu, leseni kwanza. Ihakikini TFF (shirikisho la soka nchini) kabla ya kusaini, maana asiyekidhi kanuni hatakaa benchi kama kocha mkuu. Mgeni anahitaji kibali cha kazi, kisha cha ukaazi daraja B kutoka Uhamiaji. Mkisubiri hayo, mechi zinaisha. Chukueni mzawa anayeijua ligi, mkataba hadi mwisho wa msimu, na kipengele cha kuongeza mwaka timu ikibaki Ligi Kuu.

Mzee wa Mikataba: Na huyo wa zamani mmemlipa? Akishinda kesi FIFA, klabu isipolipa ndani ya siku 45 inafungiwa kusajili, hadi madirisha matatu ya usajili. Malizaneni naye kwa maandishi. Hapa ndipo klabu zetu zinaumia kila mwaka!

Kona Fupi: Usaili wa maneno matupu hautoshi, ndugu zangu. Mpeni kocha mnayemsaili video za mechi tatu mlizofungwa, aonyeshe kosa lilipoanzia. Mfano kona: nani alimwacha mpinzani huru nguzo ya pili, nani alichelewa kutoka kuzuia mpira wa pili, ule unaookolewa kisha ukamwangukia mpinzani? Kisha asimamie zoezi la dakika 60 uwanjani. Anayesimamisha mchezo kila dakika kuhutubia, achaneni naye. Msaidizi na kocha wa makipa wabaki, wachezaji wanawajua.