Maji kwenye sayari za nyota kibete nyekundu

Swali: Ndugu wanajukwaa, Proxima b, sayari iliyotangazwa mwaka 2016, huizunguka nyota yake kwa siku 11 hivi, je, kwa ukaribu huo maji hayawezi kukauka?

Jibu: Si lazima, kwa kuwa nyota hiyo, Proxima Centauri, ni kibete nyekundu, yaani nyota ndogo isiyo na joto kali kama Jua, na ina mwanga hafifu mno ukilinganishwa na Jua.

Jibu: Ni hafifu leo, ndugu yangu, lakini nyota za aina hii husinyaa polepole kwa mamia ya mamilioni ya miaka kabla ya kutulia, na katika ujana huo huwaka kwa ukali unaoweza kuyageuza maji ya sayari kuwa mvuke na kuyapoteza angani. Mimi ningetafuta kwanza kama sayari hiyo bado ina angahewa, yaani tabaka la hewa linaloizunguka.

Muulizaji: Na Jua je?

Jibu: Lilitulia mapema zaidi, baada ya takriban miaka milioni 50.