Tuwakumbuke vipi marehemu ambao majina yao tunayataja kila siku?

Mwalimu wa Gangilonga, Iringa
Kamwene ndugu zangu. Ninafundisha Historia katika shule ya sekondari hapa mjini, na wiki iliyopita niliwauliza wanafunzi wa kidato cha pili Kleruu alikuwa nani. Mmoja alijibu kwa kujiamini kwamba ni chuo cha ualimu. Hakukosea, ila maarifa ya darasa zima yaliishia hapo. Samora kwao ni uwanja wa mpira. Nimepewa asubuhi moja ya kuandaa kumbukumbu shuleni, na ningependa tuwakumbuke viongozi hao pamoja na watu wa kawaida, hasa abiria waliotoka Mbeya kwenda Dar es Salaam tarehe 11 Machi 2015, ambao basi lao liliangukiwa na kontena la lori pale Changarawe, Mafinga, wakafariki watu zaidi ya 40. Je, inafaa kuwaweka wote katika hafla moja? Na je, majina ya abiria wale yasomwe mbele ya watoto ambao huenda baadhi yao ni wafiwa?

Mkazi wa Uyole, Mbeya
Ndaga, Mwalimu. Huku kwetu watu hujaa Uwanja wa Sokoine bila kujiuliza jina limetoka wapi. Edward Sokoine alifariki tarehe 12 Aprili 1984 kwa ajali ya gari pale Dakawa, Morogoro, akiwa Waziri Mkuu na akitokea bungeni Dodoma. Samora Machel, Rais wa Msumbiji, naye alikufa safarini, ndege yake ilipoanguka Mbuzini, Afrika Kusini, tarehe 19 Oktoba 1986. Kwa hiyo usiogope kuwachanganya: Waziri Mkuu, Rais na abiria wa Changarawe, wote waliondoka wakitarajiwa kufika, na nyumbani wakasubiriwa. Mimi ningeanzia hapo, kwa sababu mtoto wa Iringa anaijua barabara ya Mafinga kuliko anavyozijua siasa za miaka ya themanini.

Mzee wa Isimani
Mwalimu, kwa Sokoine na Samora sina neno. Kwa Kleruu nakuomba uende taratibu. Siku ya Krismasi ya mwaka 1971, Dk. Wilbert Kleruu, akiwa Mkuu wa Mkoa wa Iringa, alipigwa risasi huku kwetu na mkulima Said Mwamwindi, wakati Serikali ilipokuwa ikisukuma vijiji vya ujamaa katika eneo ambalo watu walikuwa wamelima mahindi mashamba makubwa kwa jasho lao na kwa matrekta. Mwamwindi aliupakia mwili katika gari la marehemu na kujipeleka mwenyewe polisi. Akashtakiwa, akahukumiwa kifo, akanyongwa. Mmoja alipewa chuo. Mwingine hana hata kibao, lakini kaa katika kilabu cha ulanzi mpaka jioni utasikia ni yupi anayetajwa zaidi. Ukisimulia habari za mkuu wa mkoa peke yake, wajukuu wa Isimani watakaa kimya na hawatakuamini tena. Na ukimgeuza muuaji kuwa shujaa, utakuwa umemtukana mtu aliyekufa akiwa kazini, ambaye naye aliacha wanaomlilia. Simulia yote mawili, kisha uwaache wanafunzi wakubishie. Sisi tuliokuwapo bado tunabishana.

Binti wa Kalenga
Shikamoo Mzee. Nami naongeza la majina. Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, alikufa mwaka 1898, kichwa chake kikapelekwa Ujerumani, kikaandikwa hadi katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, na fuvu likarejeshwa mwaka 1954. Leo kaburi liko Mlambalasi na fuvu liko katika makumbusho ya Kalenga, ambako wageni hulitazama kupitia kioo. Kila ninapopita pale huwa najiuliza kama sisi wenyewe tungekubali babu yetu atazamwe hivyo. Ndiyo maana kwa abiria wa Changarawe nashauri usisome orodha iliyookotwa mtandaoni. Makaburini wasifu wa marehemu husomwa baada ya familia kuuandika au kuukubali. Na shule nayo ifuate utaratibu huohuo.

Mgeni kutoka Songea
Kwetu mashujaa wa Majimaji walionyongwa mwaka 1906 hukumbukwa kila tarehe 27 Februari, na watu hukusanyika penye kaburi lao la pamoja. Tarehe isiyobadilika husaidia sana. Hafla isiyo na tarehe yake hufa mwalimu akihamishwa.

Mwalimu wa Gangilonga, Iringa
Nawashukuru. Tutafanya tarehe 11 Machi, na tutaanza na barabara kama alivyoshauri ndugu wa Uyole. Majina ya abiria hayatasomwa, isipokuwa mwanafunzi mwenye ndugu aliyefariki pale atakapoleta wasifu ulioandikwa nyumbani; wengine tutawasimamia dakika moja. Habari za Kleruu na Mwamwindi nimezitengea kipindi kizima baada ya hafla, ili mabishano yapate nafasi. Mzee wangu wa Isimani, shikamoo. Kama afya inaruhusu, ningeomba uje uwasimulie mwenyewe, nami nitakufuata asubuhi hiyo.

Mzee wa Isimani
Marahaba. Nitakuja, ila uniwekee kiti. Kusimama muda mrefu siwezi tena.