Mjadala: Bondia wa ridhaa aingie lini kwenye ngumi za kulipwa?

Wadau wa ngumi, naleta hoja mezani. Kila bondia kijana anapotangaza kuachana na ridhaa, tunagawanyika pande mbili. Wapo wanaosema asitoke mpaka apate medali kubwa, kwani bila medali hakuna promota, yaani mwandaaji wa mapambano, atakayempokea simu. Wapo wanaosema umri haumsubiri mtu, anapigwa kichwani bure, aende akatafute hela. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinabishania tarehe, na tarehe haijamwangusha bondia yeyote. Wanaanguka kwa sababu wanaingia peke yao.

Tuanze na ulingo. Pambano la ridhaa ni raundi 3 za dakika 3. Ukizubaa raundi ya kwanza umeshatupa theluthi ya pambano, kwa hiyo kijana anafundishwa kasi: ngumi nyingi, safi, majaji wazione. Kwenye kulipwa ataanza na raundi 4 au 6, na mkanda wa dunia unamsubiri kwenye raundi ya 12. Kwa kasi ile ile, miguu inamwisha kabla hajafika katikati. Humo ndani atakutana na watu wanaomlalia, wanaomkumbatia, wanaomchosha mbavu raundi baada ya raundi, huku refa akiacha mengi yapite. Glovu nazo zinapungua: kuanzia uzito wa welter (takriban kilo 67) kushuka chini ni aunsi 8, wakati ridhaa alizoea 10 au 12.

Halafu mizani. Ridhaa wanapima asubuhi ya siku ya pambano, kwa hiyo wengi hupigana karibu na uzito wao halisi. Kulipwa wanapima siku moja kabla. Mpinzani anajikausha maji, anapanda kwenye mizani, kisha ana usiku mzima na mchana wake wa kula na kunywa. Anayepanda ulingoni kesho yake ni mtu mwingine kabisa.

Vasyl Lomachenko wa Ukraine aliingia kulipwa na medali 2 za dhahabu za Olimpiki na rekodi ya ridhaa ya ushindi 396 kwa kipigo 1. Pambano lake la pili tu, Machi 2014, aligombea mkanda wa dunia dhidi ya Orlando Salido. Salido alizidi uzito kwenye mizani, akavuliwa mkanda, lakini ulingoni alimvuta kwenye mieleka, akamchapa chini ya mkanda mara kadhaa, na Lomachenko alipozinduka vizuri ilikuwa raundi ya mwisho. Akapoteza kwa majaji. Miezi 3 baadaye akamshinda Gary Russell Jr. na kuuchukua mkanda huo. Ukitaka ushahidi kwamba ni michezo miwili tofauti, angalia pia upande wa pili: Olimpiki ya Rio mwaka 2016 iliruhusu mabondia wa kulipwa kwa mara ya kwanza. Walikwenda watatu, na hakuna aliyerudi na medali.

Lakini tofauti hizo zinafundishika, kijana akiwa na kocha anayejua raundi 12. Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi.

Kwenye ridhaa kuna chama au klabu inayomtafutia mapambano, inayomsafirisha, inayomlipia daktari. Siku anayosaini mkataba wa kulipwa, vyote hivyo vinakuwa juu yake. Kwenye malipo yake kuna fungu la meneja, la kocha, la mtu wa kona, leseni, vipimo vya afya, gharama za kambi. Pambano la raundi 4 linalipa kidogo mno, na mara nyingi promota anamkabidhi tiketi akauze mwenyewe. Mwenye mtaji wa mashabiki anapangiwa mtu dhaifu. Asiyeuza tiketi ndiye anakuwa huyo mtu dhaifu: anapigiwa simu pambano likiwa limebaki siku chache, uzito si wake, ukumbi si wake, na hela ya leo inamshinda kukataa. Akikubali mara tatu mfululizo, rekodi imeshachafuka, na kuanzia hapo ataitwa kwa ajili ya kupigwa tu.

Anayelindwa naye hayuko salama. Anakusanya ushindi juu ya watu wasiojua ngumi, rekodi inang'aa, kisha siku anayokutana na bondia wa kweli tunashangaa ameanguka raundi ya pili. Hakuwahi kupewa wa kumfundisha kitu. Kupoteza kwenyewe si mwisho: Bernard Hopkins alipigwa pambano lake la kwanza mwaka 1988, akaja kutawala uzito wa kati kwa miaka.

Medali je? Mwaka 1996 kule Atlanta, Serafim Todorov wa Bulgaria alimfunga Mmarekani Floyd Mayweather kwenye nusu fainali ya Olimpiki. Todorov akapata medali ya fedha, Mayweather ya shaba. Mayweather, mtoto wa bondia, aliingia kulipwa akinolewa na ami yake Roger, aliyekuwa bingwa wa dunia, akamaliza na ushindi 50 bila kupoteza. Todorov alipigana mapambano machache ya kulipwa, akapotea. Kipaji Mayweather alikuwa nacho, sikatai, lakini nyumbani kwao walikuwepo watu waliojua biashara hii inavyokula mtu.

Kwa wanaosema njaa haisubiri: nawaelewa, na sitamwambia mwenye watoto akae ridhaa miaka minne kusubiri Olimpiki. Aende. Ila aende na mtu wa kumsomea mkataba kabla ya kusaini, na meneja ambaye si promota wala hali mkono mmoja na promota. Marekani walilazimika kutunga sheria hiyo mwaka 2000, iliyopewa jina la Muhammad Ali, kwa sababu anayepanga bei na anayemtetea bondia wakiwa mtu mmoja, bondia hana mtetezi. Na awe na kocha mwenye ubavu wa kusema "hili pambano hatuendi".

Robert Wangila wa Kenya alileta dhahabu ya Olimpiki mwaka 1988. Akaingia kulipwa, na Julai 1994 alifariki baada ya pambano Las Vegas. Kila nikimkumbuka naona suala la afya halina mjadala: leseni isitolewe bila picha ya ubongo, na aliyeangushwa kwa KO apumzishwe kwa lazima, hata kama ameshachukua hela ya pambano linalofuata.

Sasa nataka nisikie kutoka kwa mapromota na viongozi wa vyama mliomo humu. Bondia wa raundi 4 hawezi kujilipia hiyo picha ya ubongo. Nani alipe, na kwa nini mpaka leo mnamwachia yeye?