Tupeane uzoefu: umeme wa kila siku na moyo unaoruka mapigo

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Mada hii inarudi kila mara kwa sura tofauti. Mmoja anauliza kuhusu mnara wa simu uliosimikwa nyuma ya nyumba, mwingine kuhusu ruta ya chumbani, wa tatu ana mzazi mwenye betri ya moyo (pacemaker, kifaa cha kuusaidia moyo kupiga) na nyumba nzima inaogopa kuwasha jiko. Tuikusanye hapa. Wenye ujuzi wa moyo, wa umeme na wa karakana leteni sentimita, volti, na sababu. Yale ya kusikia kwa jirani tuyaache kwa leo.

Naomba tutenganishe mambo mawili tangu mwanzo. Mwenye moyo unaoruka mapigo lakini hana kifaa ndani ya mwili ni habari moja. Mwenye betri ya moyo, au ICD ile inayoshtua moyo ukienda mbio vibaya, ni habari nyingine kabisa. Hofu nyingi huzaliwa pale maonyo ya huyu wa pili yanaposomwa na yule wa kwanza.

Mapigo72

Nianze na wasio na kifaa.

Swali liliwahi kuulizwa kwa uzito. Mwaka 1999 Savitz na wenzake walichapisha uchambuzi wa wafanyakazi wa makampuni ya umeme Marekani, wanaume zaidi ya 138,000, na ukaonekana uhusiano kati ya kukaa kwenye uga mkubwa wa sumaku (eneo lenye nguvu ya sumaku) na vifo vya mapigo yaliyovurugika. Ilikuwa haki watu washtuke. Wadenmark wakafuatilia wafanyakazi wao wa umeme, wakawalinganisha na sajili ya taifa ya waliowekewa betri za moyo. Matokeo yao ya 2002 hayakuonyesha ongezeko. Tafiti nyingine nazo hazikuurudia uhusiano ule, na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani, likipitia ushahidi wote wa umeme wa masafa ya chini, lilisema hauungi mkono uhusiano na magonjwa ya moyo. Kumbukeni hao ni watu wanaoshinda kwenye mitambo, si anayelala karibu na soketi.

Sasa kwa nini mtu anaapa kwamba simu ikiwa karibu na mto, moyo unaruka? Anachohisi ni kweli. Usiku mapigo ya kawaida hupungua kasi, na mwanya kati ya pigo na pigo unapokuwa mrefu, pigo la ziada hupata nafasi ya kuchomoza. Pigo hilo huwahi na mara nyingi wewe hulisikii. Kinafuata kimya, chumba cha chini cha moyo kinajaa damu kuliko kawaida, halafu linakuja pigo zito. Lile zito ndilo linalokushtua. Ukilalia ubavu wa kushoto, moyo unasogea karibu na ukuta wa kifua na unausikia zaidi. Na huo ndio wakati simu iko kichwani pako.

Kabla ya kuhama chumba, pimeni haya: shinikizo la damu, wingi wa damu, tezi ya shingo, potasiamu na magnesiamu. Wanaotumia dawa za kukojoza wengi hupungukiwa potasiamu bila kujua. Hesabuni miraa, vinywaji vya kuongeza nguvu, pombe ya mwisho wa wiki, kahawa kali, dawa za mafua zenye pseudoephedrine. Mtu anayekoroma na kukatika pumzi usingizini naye achunguzwe. Kwa nchi zetu kuna moja isiyosahaulika: valvu iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi tangu utotoni, inayoweza kufanya vyumba vya juu vya moyo vitetemeke badala ya kusukuma damu. Hiyo inataka kipimo cha ultrasaundi cha moyo. Kuzima Wi-Fi hakuitibu.

Kuzimia, maumivu ya kifua, au mapigo ya mbio yasiyotulia: nenda hospitali saa hiyo hiyo, usingoje majibu hapa.

Mikrotesla

Niongeze namba. Mwongozo wa 2010 wa ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi, unaweka kikomo cha mikrotesla 200 (mikrotesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) kwa umma kwa umeme wa nyumbani, ule wa hezi 50. Jokofu ukiwa sentimita 30 kutoka kwake hutoa kati ya 0.01 na 0.25. Mashine ya kukaushia nywele ikiwa sentimita 3 kutoka ngozini inaweza kufika mamia, hata 2,000, lakini kwa sentimita 30 inashuka hadi 7 au chini ya hapo. Umbali ndio kila kitu: sumaku ya kifaa kidogo huporomoka haraka mno ukisogea nyuma hatua moja.

Simu, ruta na mnara ni suala jingine. Mawimbi yao hugeuka mamilioni hadi mabilioni ya mara kwa sekunde. Misuli na mishipa ya fahamu haiwezi kufuata kasi hiyo. Kinachobaki ni joto, na kwa viwango vya nyumbani ni joto dogo sana.

Swali kutoka kwa Bi Tatu

Ahsanteni wataalamu. Je, mtu akitaka kujihakikishia mwenyewe kwamba ruta haihusiki, afanyeje bila kujidanganya?

Mapigo72

Bi Tatu, shikamoo. Fanya hivi. Mwingine aiweke ruta chumba cha pili, afunike taa zake, na simu zote zizimwe Wi-Fi ili zisikuambie kitu. Arushe sarafu: kichwa anawasha, mwenge anazima, anaandika kwenye karatasi yake bila kusema. Wewe kaa dakika 20, andika kama moyo umeruka na kama unadhani ruta inawaka. Rudieni mara 10, si lazima siku moja. Kwa kubahatisha tu mtu anapata 5 hivi. Kupata 9 au 10 kwa bahati hutokea kama mara 1 kati ya 100. Ukipata 6, ruta haina habari. Majaribio ya aina hii yameshafanywa na watafiti kwa watu wanaojiona wepesi kudhurika: mapitio ya 2010 yalijumuisha majaribio 46 na watu 1,175, na hayakutoa ushahidi thabiti kwamba waliweza kutambua mawimbi yakiwepo au yasipokuwepo. Dalili zao zilikuwa za kweli. Chanzo hakikuwa pale.

Jambo jingine. Wanaojipima ECG (mchoro wa umeme wa moyo) kwa saa ya mkononi au kidude cha vidole, chomoeni chaja kwanza na msigusane na kompyuta iliyochomekwa. Umeme wa hezi 50 huingia kwenye mchoro na kuufanya mstari wa chini uwe na meno madogo yanayofuatana, na programu inaweza kushindwa kuusoma au kuutafsiri vibaya. Kaa, egemeza mikono mezani, ngozi iwe na unyevu kidogo, tulia sekunde 30.

Kliniki ya Vifaa

Tuje kwa wenye kifaa.

Betri za sasa zina ganda la titani na vichujio vinavyozuia masafa ya simu. Tatizo kubwa la simu leo ni sumaku, mawimbi yanafuata nyuma. Ndani ya betri ya moyo kuna swichi inayosubiri sumaku, kwa makusudi, ili daktari aweze kuiamuru kutoka nje. Kwa kawaida uga unaofika gausi 10 (sawa na mikrotesla 1,000) unaweza kuiamsha. Ikiamka kwenye betri ya kawaida, kifaa kinaacha kusikiliza moyo na kupiga kwa mwendo wake, 85 hadi 100 kwa dakika kutegemea kampuni. Kwenye ICD ni hatari zaidi: kinaacha kutafuta mwendo wa hatari, kwa hiyo moyo ukivurugika wakati huo hakuna mshtuo wa kuuokoa. Sumaku ikiondoka, kwa kawaida kila kitu kinarudi.

Mwaka 2021 madaktari wa Marekani walionyesha iPhone 12 ikiwekwa juu ya kifua inazuia ICD kufanya kazi. Ushauri uliotoka ni sentimita 15 kati ya kifaa na simu, na 30 kama simu inachajiwa bila waya. Kwetu maana yake ni hii: simu isikae mfuko wa shati upande wa kifaa, na akina mama wanaoitia ndani ya sidiria au kuifunga kwenye pindo la kanga kifuani waache. Mfuko wa suruali au mkoba unatosha. Zungumza kwa sikio la upande usio na kifaa. Vilevile kasha la visikizi, spika ndogo, kava la simu lenye sumaku, na beji ya jina inayong'ang'ania kwa sumaku. Hivi vya mwisho watu huvisahau kabisa.

Bi Tatu

Marahaba mwanangu. Na jiko la indaksheni, lile linalopasha sufuria kwa sumaku?

Kliniki ya Vifaa

Sentimita 60 kutoka kwenye jiko linalowaka hadi kwenye kifaa. Mama mfupi anayeinamia sufuria hayuko sentimita 60. Aweke chombo katikati ya duara, kisiwe kidogo kuliko duara maana uga unavuja pembeni, na apike kwenye duara la nyuma kama linafikika. La sivyo gesi au jiko la koili la kawaida. Maikrowevu nzima haina shida.

Fundi Ethi

Ninachotaka kusema kinapuuzwa, na kwangu ndicho kizito kuliko minara yote: umeme unaovuja nyumbani.

ICD imetegwa isikie ishara ndogo sana, hadi milivolti 0.3, kwa sababu moyo unapotetemeka vibaya ishara zake huwa ndogo. Mtu akishika bomba lenye umeme unaovuja, mkondo mdogo unapita mwilini kwa hezi 50, na kifaa kinaweza kudhani moyo unapiga maelfu kwa dakika. Kinashtua mtu ambaye moyo wake ni mzima. Kwa betri ya kawaida inaweza kuwa kinyume: inadhani moyo unajipigia wenyewe, inanyamaza, na anayeitegemea anapata kizunguzungu bafuni.

Tuanze na shawa ya umeme inayochemsha maji papo hapo. Koili yake imekaa ndani ya maji. Ikipasuka, maji yenyewe yanabeba umeme. Nyaya ni tatu, na wa kijani na njano ndio ethi, unaoupeleka ardhini umeme unaovuja. Mara nyingi unakutwa umekatwa na kuviringishwa utepe, kwa sababu "ulikuwa unazimisha umeme". Haukuwa unazimisha, ulikuwa unasema koili imekufa. Dawa ni kubadili koili, au shawa nzima, na kuurudisha waya.

Pili, jokofu linalowasha vidole ukishika mlango. Angalia plagi. Ukikuta adapta ya pini mbili, au soketi iliyofunguliwa kwa kuchomeka kalamu kwenye tundu la juu, ethi haipo.

Kupima: chomeka fimbo ya chuma kwenye udongo wenye maji, sentimita 30 hivi, vuta waya hadi ndani. Usitumie ethi ya soketi, maana yenyewe ndiyo inashukiwa. Multimita kwenye volti za AC, ncha moja kwenye fimbo, nyingine kwenye chuma cha shawa au mlango wa jokofu, kifaa kikiwa kinafanya kazi. Volti 1 au 2, sawa. Ikisoma 60 au 90 usikimbilie hukumu, multimita ya dijitali huonyesha volti za uongo. Fundi aunganishe rizista ya kilo-omu 10, wati 10, kati ya ncha mbili. Ikiporomoka hadi volti 2, mkondo ni miliampea (mA) 0.2, kama unaotoka kwenye chaja ya laptopu ya pini mbili. Ikibaki 10, ni mA 1. Ikibaki palepale 90, zima meinswichi. Kazi hii si ya mwenye kifaa mwenyewe, wala ya mtu asiyezoea umeme.

Na RCD (swichi inayokata umeme ukivuja) ya mA 30 iwekwe, kitufe chake cha majaribio kibonyezwe kila mwezi. Kisipokata papo hapo, ibadilishwe. Ila elewa mipaka yake. RCD inakuokoa usife. Umeme wa mA 5 unaovuja haitauona, na huo unaweza kuichanganya ICD. Anayeuondoa huo ni ethi nzuri.

Karakana

Kuchomelea: daktari wa kifaa aulizwe kwanza, kwa ICD hasa. Akikubali, mkondo uwe chini ya ampea 160, moto na nyaya viwe sentimita 60 kutoka kifuani, mashine mita moja na nusu kutoka unapochomelea. Nyaya mbili zikae pamoja, zisizungushwe begani. Ikiwa moja iko kulia kwako na nyingine kushoto, wewe uko katikati ya koili. Klampu ya ethi iwe karibu kabisa na unapounganisha. Glavu kavu, viatu vikavu. Usiguseguse fimbo ya kuchomelea (elektrodi) haraka haraka, maana vishindo vinavyofuatana vinafanana na mapigo; elektrodi ikikataa kuwaka, subiri sekunde 10. Kizunguzungu kikija, dondosha na ondoka.

Injini ya gari ikinguruma, kifua kiwe sentimita 30 kutoka kwenye koili, nyaya za plagi na alteneta. Jenereta ya nyumbani vivyo hivyo. Kupanda boda hakuna tatizo, kuinamia injini ikiwa wazi ndiko.

Kliniki ya Vifaa

Niongeze ya hospitali na njiani. Mwambie kila anayekugusa: daktari wa meno, mtoa tiba ya mwili, mpasuaji. Tiba ya joto la mawimbi ni marufuku kabisa, na mashine za kusisimua misuli kwa umeme zisiwekwe bila kliniki yako kujua. Mizani ya kupima mafuta ya mwili nayo hupitisha umeme, iacheni. Kwa MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku kubwa, kliniki ihakikishe kwanza kama betri na waya zake zote ni za aina inayoruhusiwa, na waya ya zamani iliyoachwa kifuani inahesabika, hata kama haifanyi kazi.

Mlango wa dukani unaolia kwa wezi: pita kwa mwendo wa kawaida, usisimame wala kuuegemea. Uwanja wa ndege onyesha kadi kabla ya kupita. Wakitumia kifimbo cha mkono, kisishikiliwe juu ya kifaa.

ICD ikishtua mara moja na mtu yuko vizuri, aondoke pale alipo bila kugusa kile alichokuwa ameshika, apige simu kliniki siku hiyo hiyo. Ikishtua mara mbili, au hajisikii vizuri, ni dharura. Anayemsaidia azime meinswichi kabla ya kumshika kama yuko bafuni. Na aandike saa kamili ya tukio: kifaa kina kumbukumbu, na dakika ile ile kliniki itaona kama lilikuwa ni moyo, au ni mawimbi ya hezi 50 yaliyotoka kwenye shawa.